Nilichokijua Kuhusu Nguruwe

Kwa miaka tisa nimelipwa mshahara wa kukata ubongo. Nafanya kazi kwenye maabara ya wanyama mjini Iringa. Ubongo huletwa kwenye ndoo yenye dawa ya kuhifadhia. Nauacha ukakamae, nauzamisha kwenye nta, kisha naukata kwa mashine kuwa vipande vyembamba ambavyo ukivipigia chafya huvioni tena. Navibandika kwenye kioo, navitia rangi, naviweka chini ya hadubini. Watu wakisikia kazi yangu hukunja pua. Halafu asubuhi yake unawakuta kwenye benchi la supu, wamepewa kichwa cha mbuzi, wanachokonoa ubongo kwa kijiko na kulamba vidole. Mimi walau najua ninachokitazama.

Ninachokitazama ni seli za kinga za ubongo. Damu ina askari wake, na ubongo una wa kwake, ambao huingia humo mnyama akiwa bado tumboni mwa mama yake na hawatoki tena. Kazi yao ni kuzunguka, kuzoa taka, kula kilichokufa na kumshambulia mgeni. Kitabu nilichosomea chuoni kiliwapa mistari minne, na mchoro mmoja uliotakiwa kutosha kwa viumbe wote wenye kichwa. Aliyeuchora mchoro ule, nina hakika, hakuwahi kufungua hata fuvu la kuku.

Maana hawafanani. Wa panya wamesongamana na kulingana kama watoto kwenye foleni ya uji. Wa ng'ombe, wale wanaoletwa machinjioni kutoka Usangu, wameachiana nafasi na matawi yao ni marefu. Wa kuku niliwaona wafupi na wanene. Wa mbwa wa mjini, ambao maisha yao yote ni kupigwa mawe na watoto wa watu waliobatizwa, mara nyingi niliwakuta wamevimba, wako tayari kwa vita. Na tulikuwa na kisanduku cha vioo vya ubongo wa binadamu, tulichoachiwa na chuo kimoja, vioo kumi na viwili vya zamani. Vioo hivyo sikutumwa kuvitazama. Nilivitazama kwa hamu yangu mwenyewe, saa ya chakula, mlango nikiwa nimeufunga. Seli za mtu hazikufanana na za mnyama yeyote niliyemkata, na juu ya hapo za mtu huyu hazikufanana na za mtu yule. Niliandika kwenye daftari langu kwamba mtu ni tofauti, nikapiga mstari chini yake, nikajiona nimegundua kitu.

Bosi wetu hakuwa na muda wa mambo hayo. Alikuwa na shahada ya udaktari kutoka nje, na alitaka aitwe Daktari hata pale unapomwambia tairi la gari lake limeisha upepo. Alifanyia kazi panya, kwa sababu panya ni rahisi na hawabishi. Alimchoma panya sindano, akaona seli zake zimetulia, na kabla rangi haijakauka kwenye kioo alikuwa ameshaandika habari za wagonjwa. Panya akikohoa, Daktari analiandikia taifa zima dawa.

Siku moja alikaribisha wageni kwenye ukumbi wa hoteli, na mimi nilikaa nyuma kwenye kompyuta nikiwa nabadilisha picha. Alionyesha picha niliyoikata mimi, ya panya, akaizungumzia kama vile ni kichwa cha mjomba wake. Mgeni mmoja akauliza kama kuna tofauti baina ya wanyama. Daktari akatabasamu na kusema ubongo ni ubongo. Nikacheka. Sikukusudia kicheko kisikike, lakini kilisikika.

Aliniita ofisini baadaye. Nilimwambia nilichoamini, kwamba dawa inayoziamsha seli za panya inaweza kuziacha za nguruwe zimelala na za mtu ikazitia wazimu, na kwamba asiyejaribu hajui. Alinisikiliza huku anasoma simu. Kisha akanijibu kwamba hizo ni tofauti ndogondogo, na kwamba mimi niliajiriwa kukata vipande. Nilitoka nikiwa nasonya. Kwa miezi kadhaa furaha yangu kubwa mjini Iringa ilikuwa kumwigiza Daktari mbele ya wenzangu, nimening'iniza taulo shingoni kama tai, nikilitangazia beseni la kuoshea vioo kwamba ubongo ni ubongo. Nilikuwa mwigizaji mzuri. Wenzangu walicheka mpaka machozi, nami niliwadharau kidogo na wao, kwa kuwa walimcheka yeye bila kujua kwa nini anachekesha.

Kazi iliyofuata ilikuwa ya nguruwe, na hiyo niliijua kuliko yeye, kwa sababu mimi nimelelewa na nguruwe.

Nyumbani kwetu ni nje ya Mbeya, njia ya kwenda Tukuyu. Huko nguruwe huachiwa asubuhi akajitafutie, na kitu cha kwanza anachokipata nyuma ya migomba ni kile ambacho watu wameona uvivu kukipeleka chooni. Choo kipo. Kimejengwa kwa matofali, kina mlango, na mama alikuwa anawaonyesha wageni. Lakini mtu akiwa shambani hawezi kupanda mlima kwa ajili ya jambo dogo hilo. Hivyo mayai ya tegu hutoka kwa mtu na kuingia kwa nguruwe, yakageuka punje nyeupe, laini, ukubwa wa punje ya wali, zikatapakaa kwenye nyama na kwenye ubongo. Mtu akila nyama hiyo haijaiva, anafuga tegu tumboni. Na mwenye tegu tumboni, asiponawa mikono akapakua chakula, huwalisha wenzake mayai. Hayo ndiyo yanayopanda kichwani mwa binadamu na kuwa punje zile zile. Kifafa kingi cha kwetu kinaanzia hapo. Nimeyaeleza haya nyumbani mara nyingi kuliko mchungaji alivyoeleza habari za Nuhu, na wamenisikiliza kwa heshima ile ile, yaani bila kubadilisha kitu.

Sehemu moja ya jambo hili wanaijua vizuri sana. Mnunuzi wa nguruwe hamwamini mtu. Akifika, mnyama analazwa chini, anatiwa mti mdomoni, na mnunuzi anauvuta ulimi kwa kitambaa, anaupapasa kwa chini kwa kidole gumba. Akikuta punje anafuta mkono kwenye majani na kuondoka, na hakuna anayebishana naye. Ulimi umeshasema. Sasa mtu mwenye akili angedhani nguruwe huyo atafukiwa. Kwetu nguruwe aliyekataliwa hupangiwa sherehe. Atachinjwa siku ya kipaimara cha mtoto wa jirani, au harusi ikiwa karibu, kwa kuwa hauziki na ni dhambi kutupa nyama. Wanasema moto huua kila kitu, halafu wanaikaanga upesi upesi kwa sababu kwaya imeshatoka kanisani na ina njaa. Nimekula nyama hiyo utotoni na nikaomba kuongezwa.

Mdogo wangu naye alikula. Tumezaliwa wawili tu, na yeye ndiye wa mwisho. Alikulia Mbeya, akajifunza useremala, akaenda Mafinga kwenye kiwanda cha mbao, na kwa umri wa miaka ishirini na saba alikuwa fundi wa mashine ya randa. Alikuwa na mikono ya akili. Ubao uliopita kwake ulitoka laini kama shavu, na alijua hivyo, na alitembea kama mtu anayejua.

Kifafa kilimwangusha akiwa kazini, mbele ya mashine. Watu zaidi ya kumi walikuwepo, wanaume wenye misuli wanaobeba magogo ya misonobari begani, na wote walikimbia. Kwetu na kwao inaaminika kwamba povu la mwenye kifafa likikugusa nawe umekipata. Mdogo wangu alilala kwenye vumbi la mbao akitetemeka, kichwa chake hatua mbili kutoka kwenye visu vinavyozunguka, mpaka mmoja alipokumbuka kwenda kuzima umeme kwenye swichi kubwa ya nje. Nimewahi kuona ng'ombe wakisimama kumzunguka mwenzao aliyeanguka, wakimnusa. Mashujaa wa Mafinga hawakufikia hapo.

Mwenye kiwanda alimrudisha nyumbani na nguo zake kwenye kiroba. Alisema atamshikia nafasi yake mpaka mwisho wa mwezi unaofuata. Akija na karatasi ya daktari kwamba amepona, mashine ni yake. Asipokuja, kuna fundi mwingine anayeisubiri. Tangu siku hiyo mdogo wangu hakuwa na wazo lingine. Alihesabu siku. Aliniambia kwenye simu, "Dada, mi nataka kurudi kwenye mashine tu. Mengine nitavumilia."

Nikaomba likizo, nikashuka Mbeya. Nilimkuta mama amemtengea sahani yake, kikombe chake na kijiko chake, vimetundikwa kwenye msumari peke yake nje ya jiko. Mama anampenda kuliko anavyonipenda mimi, na sina kinyongo. Lakini alikuwa anamsukumia chakula kwa ncha ya vidole, halafu anaenda kunawa. Yule yule ambaye hanawi akitoka migombani. Nilikasirika mpaka masikio yakawaka. Nilichukua sahani ya mdogo wangu ikiwa na mabaki yake, nikala mbele ya mama na mbele ya majirani wawili waliokuja kutupa pole na kuchungulia. Nilikula taratibu, nikalamba kijiko. Leo nikikumbuka naona wazi kwamba nusu ya mlo ule nilimlia ndugu yangu na nusu niliwalia wao, ili wanione jinsi nilivyo juu yao.

Tulikwenda hospitali mjini. Aliyetupokea alikuwa daktari kijana, koti lake jeupe bado lina mikunjo ya dukani, sauti ndogo, anaandika polepole kama anayefanya mtihani. Nilimtazama juu mpaka chini nikamhurumia. Alimwuliza mdogo wangu maswali, akampima, akasema anahisi ni punje za tegu kwenye ubongo. Nikamwambia hilo nililijua kabla hatujapanda gari. Akampa dawa za kutuliza kifafa na kumwandikia kipimo cha picha ya kichwa. Foleni ya picha ilikuwa ndefu. Siku tuliyopangiwa iliangukia wiki moja baada ya mwisho wa mwezi, yaani baada ya mashine ya randa kupata fundi mwingine.

Mdogo wangu alipokwenda dirishani kuchukua dawa, nilimwomba daktari atuandikie dawa ya kuziua punje hizo mara moja. Alikataa. Alisema usimpe mtu dawa ya minyoo kabla ya kuona ana punje ngapi na ziko wapi, kwa sababu zikifa kwa pamoja ubongo unaweza kuvimba, na dawa ya kushusha uvimbe lazima itangulie, mgonjwa akiwa kitandani hospitalini. Aliyasema kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma.

Nikamwambia, "Daktari, nimefungua ubongo mwingi kuliko uliouona vitabuni."

Akaacha kuandika. "Wa watu?" akauliza.

Nilisonya. Hilo ndilo jibu nililompa, msonyo, mbele ya wagonjwa waliokuwa kwenye benchi. Nikamfuata mdogo wangu, tukatoka.

Lazima nieleze nilichokuwa nacho kichwani, kwa sababu haikuwa ujinga. Ningependa ingekuwa ujinga. Katika ile kazi ya nguruwe tuliwapa dawa nguruwe waliokuwa na punje kwenye ulimi, tukakaa nao kwa wiki kadhaa, kisha tukawachinja na kufungua vichwa. Punje zilikuwa zimekufa. Nilizikata mwenyewe. Kando ya kila punje niliziona seli za kinga za nguruwe zimekusanyika na kufanya usafi, na hatua chache kutoka hapo ubongo ulikuwa mtulivu. Wakati wote wa dawa hatukuona nguruwe aliyepata shida. Niliamini macho yangu. Nilisahau kwamba nguruwe wetu walikuwa wanyama wa mwaka mmoja, na kwamba mdogo wangu huenda alikuwa amekaa na punje zile tangu shule ya msingi. Nilisahau na kisanduku cha vioo kumi na viwili. Au sikusahau. Nilikiona, nikakipita, kwa sababu siku zilikuwa zinakwisha.

Nilinunua vidonge kwenye duka la dawa, vile vile vya kawaida wanavyopewa watoto shuleni, ila mimi nilikusudia kuvitoa kwa siku nyingi mfululizo, kama tulivyowafanyia nguruwe. Muuzaji hakuuliza kitu. Mdogo wangu ndiye aliyeuliza. Alitaka kujua kama yule daktari amekubali. Nikamwambia amekubali, amenipigia simu. Alinishukuru, akameza.

Siku tatu za mwanzo alikuwa mzima. Alikata mbao za kurekebishia banda na kuimba. Nilimtazama na kumfikiria yule kijana wa hospitali, nikapanga maneno nitakayomwambia nikimpelekea mgonjwa aliyepona. Siku ya nne kichwa kilianza kumuuma. Nilimwambia ni dalili kwamba dawa inafanya kazi, na nilikuwa sahihi. Siku ya tano alitapika, akasema anaona milango miwili ya jiko na hajui aingilie upi. Nikampa kidonge cha mchana. Siku ya sita asubuhi, kabla ya chai, alianguka, akazinduka, akaanguka tena kabla hajaita jina la mtu, na tena.

Mama ndiye aliyemshika. Hili nalisema kwa sababu nimemsema sana. Alikaa chini kwenye matope, akakipakata kichwa chake, povu likamlowesha kanga na mikono, na hakunawa mpaka tulipofika mjini. Mimi nilisimama. Tulipata gari lililobeba magunia ya viazi, tukamlaza juu ya magunia, na njia nzima mama alikuwa anamwimbia kwa Kinyakyusa kama mtoto mchanga.

Tulimkuta daktari yule yule. Aliuliza tumempa nini. Mama akasema hajapewa kitu zaidi ya dawa za hospitali, maana ndivyo alivyojua. Nikamvuta daktari mkono pembeni nikamwambia vidonge gani, na siku ngapi. Nilisubiri anifokee. Nilitaka anifokee, nipate pa kushika hasira. Alirudi mbio kwa mgonjwa. Alimpa dawa ya kushusha uvimbe na kumsukuma mwenyewe kwenda kwenye chumba cha picha, kwa kuwa mgonjwa wa namna hiyo hapangi foleni.

Baadaye alinionyesha picha. Hakuwa na haja ya kunieleza. Punje zilikuwa nyingi kuliko nilizowahi kuona kwenye kichwa cha nguruwe yeyote, na kila moja ilikuwa katikati ya wingu la uvimbe, na mawingu yamegusana. Seli za kinga za ndugu yangu hazikuja kufanya usafi na kuondoka. Zilikuja kwa hasira, na zilileta wenzao kutoka kwenye damu, na zilipokosa nafasi ndani ya fuvu zikabana kila kitu, pamoja na mishipa ya macho. Nilisimama mbele ya picha ile nikiwa mtaalamu kuliko wote waliokuwemo chumbani. Yule kijana akaniletea kiti.

Mdogo wangu alipona kifafa. Punje zimekufa, na mpaka leo hajaanguka tena. Macho hayakurudi. Anatofautisha mchana na usiku, na ukisimama dirishani anajua kwamba kuna mtu, basi. Mwisho wa mwezi ulipita tukiwa wodini. Mashine ya randa ikapata fundi.

Nikadhani watanilaumu. Nilijiandaa kulaumiwa. Badala yake kijiji kizima kiliamua kwamba mimi ndiye niliyemponya, kwa vidonge nilivyompa. Kifafa kilikuwa kimeondoka, na mbele ya macho yao hilo ndilo lililokuwa jambo kubwa. Upofu walisema umeletwa na kifafa chenyewe wakati kinatoka. Daktari kijana hakuwasahihisha. Mama aliiondoa sahani kwenye msumari. Kwenye ibada ya shukrani mdogo wangu alishikwa mkono akapelekwa mbele, akasema kwamba bila dada yake angekuwa kaburini, na watu wakapiga makofi. Mama aliniambia ndaga fijo, asante sana, mbele ya kanisa zima. Waumini wale, ambao nimewacheka maisha yangu yote kwa kuamini povu, waliniamini na mimi kwa namna ile ile, na mimi nilikaa kwenye benchi nikiwa nimevaa gauni zuri.

Niliporudi Iringa, Daktari alinisimamisha kwenye korido. Alikuwa amesikia habari za vidonge na za kifafa kuondoka. Alinipa mkono wa pongezi, mkono laini usiowahi kuosha kioo, akasema anaona ile dawa ya nguruwe imefanya kazi nyumbani kwetu. "Unaona sasa?" akasema. "Ubongo ni ubongo." Wenzangu walinitazama wakisubiri nimwigize akishatoka. Nilichukua ndoo yangu nikaenda kukata.

Nilikaa na jambo hili mwaka mzima. Nilimdharau Daktari kwa panya wake, nikawadharau watu wa Mafinga kwa kukimbia, mama kwa sahani yake, yule kijana kwa koti lake, na wote hao, ukiwapanga mstari, hakuna hata mmoja aliyemtia mdogo wangu kidonge mdomoni kwa uongo. Krismasi iliyopita nilikwenda nyumbani na nikaamua nimwambie.

Nilimkuta nje, upande wa jua, ana kigoda kati ya magoti, anakipiga msasa kwa mkono. Ndiyo kazi yake siku hizi. Anasugua, anapapasa kwa kiganja, anasugua tena. Nilikaa kwenye gogo mbele yake nikamwambia yote, tangu benchi la hospitali. Nilimwambia kwamba daktari hakukubali, wala hakunipigia simu. Nilimwambia alivyonionya. Nilimwambia kichwa kilipoanza kuuma nilijua, au nilipaswa kujua, na bado nikampa kidonge.

Aliendelea kupapasa kigoda. Nilikuwa nalia, na nilikuwa najichukia kwa kulia mbele ya mtu asiyeweza kuniona, kana kwamba natafuta huruma gizani.

"Kwa nini ulikuwa na uhakika hivyo?" akauliza.

"Kwa sababu ya nguruwe. Tuliwapa dawa hiyo na hawakupata shida yoyote."

"Wako wapi sasa?"

"Tuliwachinja."

Hakuwa amekasirika, alikuwa anataka kuelewa kazi ya mwenzake, kama fundi kwa fundi. "Sasa kabla hamjawachinja," akasema, "mlijuaje kwamba ni wazima?"

Miaka tisa, hadubini, daftari, vioo. Nilikuwa na jibu moja tu, maana ndilo tulilokuwa tunaandika kwenye fomu kila asubuhi.

"Walikuwa wanakula."

Mdogo wangu akapuliza vumbi kwenye kigoda, akakigeuza upande wa pili, akaanza tena kusugua.

"Hata mimi nakula, dada," akasema.